Eddy Gordo asifungiwe nje ya mashindano

Mhariri,

Mashindano ya Tekken, gemu ya mapigano, yanayoandaliwa katika vibanda vya gemu hapa Kisumu, kuanzia Kondele hadi Nyalenda, yameanza kuzoea kanuni moja mbaya. Ukifika mezani kujiandikisha, unaambiwa mhusika Eddy Gordo haruhusiwi. Eti anayemchagua hufinyafinya vitufe vya mateke ovyo na kushinda bila ujuzi. Naomba nafasi niwaambie waandalizi kwamba dawa ya Eddy imo ndani ya gemu yenyewe, na kwamba yanayoharibu mashindano yetu ni mambo mengine kabisa.

Mateke mengi ya Eddy humwacha katika mkao wa kujilaza chini, na hapo ndipo wengi hukosea. Humrushia ile ngumi ya haraka ya kitufe cha mraba. Ngumi hiyo ni pigo la juu, kwa hivyo humpita kichwani, naye huinuka na teke. Aliyejilaza hupigwa kwa pigo la kati, na karibu kila mhusika analo moja jepesi: elekeza mshale mshazari, chini-mbele, ukifinya mraba. Kosa la pili ni kusimama tuli ukiwa umevuta mshale nyuma, ukidhani umejikinga. Kinga ya kusimama huzuia mapigo ya juu na ya kati tu. Teke la chini litakupata kila mara. Inama kwa mshazari wa chini-nyuma, na ukishalizuia, achilia mshale na ufinye duara. Teke hilo la kuinukia hutoka kwa fremu 11 kwa karibu wahusika wote, fremu ikiwa picha moja ya mwendo wa gemu, na sekunde moja ina fremu 60. Eddy aliyezuiwa chini mara nyingi hawahi kujikinga tena.

Swali ni kujua teke lipi linakwenda chini. Ingieni wawili katika sehemu ya mazoezi, mwenzako amshike Eddy, arudie mfululizo mmoja tu wa mateke mara 20 huku ukikinga. Ukiuzoea, ahamie mwingine. Kazi si kubwa kama inavyodhaniwa, kwani mfinyaji ovyo hana mifululizo mingi. Vidole vyake hurudia ile ile minne au mitano.

Sisemi hakuna mhusika anayestahili kufungiwa. Akuma wa Super Street Fighter II Turbo, gemu ya 1994, alifungiwa na wachezaji wenyewe kwa sababu ya moto anaourusha akiwa hewani: wahusika wengi hawakuwa na jibu lolote. Hicho ndicho kipimo, kama jibu lipo au halipo. Mkumbuke pia Leroy Smith wa Tekken 7, aliyetoka Desemba 2019. Mwezi uliofuata, katika EVO Japan, mashindano makubwa ya gemu za mapigano, wachezaji sita kati ya wanane wa mwisho walikuwa wamemchagua yeye. Bandai Namco, kampuni inayotengeneza Tekken, ikampunguzia makali kwa sasisho. Kwa sababu hiyo, kabla ya mashindano hakikisheni mashine zote zina toleo moja la gemu. Kibanda chenye PS4 isiyounganishwa na intaneti kinaweza kubaki na Leroy yule wa zamani, huku mashine ya pembeni ikiwa na huyu aliyepunguzwa. Hapo kuna dhuluma ya kweli, na hakuna anayeizungumzia.

Sasa runinga. Runinga nyingi huchakata picha kwanza ili ziipambe, na muda huo unatoka kwa mchezaji. Ikichelewa kwa milisekunde 100, umepoteza fremu sita. Lile teke la chini la Bryan Fury huchukua kama nusu sekunde kufika, na ndiyo maana mchezaji mzuri huliona akainama. Mnyang'anye fremu sita na mara nyingi atachelewa. Fungueni mipangilio ya picha, muwashe mpangilio wa gemu, mzime mapambo yote ya kulainisha picha. Ni kazi ya dakika mbili na haina gharama.

Padi zina balaa lake. Mhusika Kazuya ana ngumi ya umeme: mbele, achilia, chini, kisha chini-mbele pamoja na pembetatu katika fremu ile ile moja. Ukipatia, umeme wa samawati huwaka na hata ikikingwa, Kazuya ndiye anayetangulia kusonga. Kitufe kikichelewa kidogo tu, hutoka ngumi ya kawaida isiyo na umeme, na ikikingwa unaadhibiwa. Padi ambayo raba yake ya ndani imechakaa huuruka ule mshazari kabisa, na mchezaji hulaumiwa kwa kosa la mpira. Washeni maonyesho ya vitufe katika sehemu ya mazoezi, mzungushe mshale polepole, mhakikishe pembe zote nane zinatokea kwenye skrini. Anayetaka kuja na padi yake aruhusiwe, ila mechi ikiisha aitenganishe na mashine. Padi iliyoachwa imeunganishwa, mtu akiigusa mfukoni, husimamisha mechi ya wengine katikati ya kombo. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba aliyesimamisha mechi hupoteza raundi hiyo, basi itangazwe mapema watu wasije wakakabana koo.

Na kuhusu kuchagua mhusika, ugomvi mwingi hutokana na nani anatangulia kuchagua, kwa sababu wa pili humwona mwenzake kisha akachagua wa kumkabili. Mchezo wa kwanza, kila mmoja amnong'oneze refa jina la mhusika wake, kisha wote wafuate walichosema. Baada ya hapo aliyeshinda habadilishi, aliyeshindwa ana hiari ya kubadilisha. Uwanja uchaguliwe na mashine. Mechi iwe ya michezo miwili kwa mitatu, fainali mitatu kwa mitano, na mtu asitolewe mpaka ashindwe mechi mbili. Kwa mpangilio huo, aliyeshtukizwa na Eddy mara ya kwanza ana nafasi ya kutulia, kuinama na kufinya duara.

Mpenzi wa gemu za mapigano,
Kondele, Kisumu