Mwanangu, wafiche wambea, usitufiche sisi

Mwanangu,

Uliponiambia kwenye simu kwamba umeanza kuongea na mtu, na kwamba hutaki ijulikane mapema, nilifurahi. Tangu uachane na baba mtoto umejifungia mno, na moyo wangu ulikuwa unaniuma. Sijakuuliza ni nani wala anatoka wapi, na sitauliza hadi uniambie mwenyewe. Najua Kisumu ni jiji, lakini mwalimu hana pa kujificha: mzazi mmoja akuone na mwanamume Oginga Odinga Street Jumamosi, Jumatatu darasa zima linajua. Una haki ya kufanya mambo yako kimya. Hata Katiba, kifungu cha 31, inakupa haki hiyo ya faragha.

Ila nisikilize kwa hili. Wafiche wambea, usitufiche sisi tunaokupenda. Mtu akikuomba usimwambie mtu yeyote mnakokutana, hata dadako, ujue anachotaka ni kukosekana kwa shahidi. Unakumbuka Januari 2024, wasichana walivyouawa, wengine kwenye nyumba za kukodi kwa siku, hadi wanawake wakaandamana tarehe 27 katika miji mingi nchini. Bado nalia nikiwakumbuka.

Unajua kazi yangu. Hapa kwenye kibanda changu cha M-Pesa naona watu wakijianika kila siku. Mteja anakuja kutoa elfu mbili, anataja namba ya kitambulisho kwa sauti na foleni nzima inasikia, kisha anatia sahihi kitabuni chini ya majina na namba za waliomtangulia. Mimi hufunika ukurasa kwa kadibodi, nikaacha mstari mmoja tu. Sasa jifikirie wewe. Umempa mtu namba yako ukamwambia unaitwa Lulu. Anaiweka kwenye M-Pesa kama anayetaka kukutumia shilingi kumi, na kabla pesa haijaenda jina lako linamtokea. Analitafuta Facebook, anakuta shule, kanisa, na picha ya mjukuu wangu akiwa na sare. Hajakuuliza swali hata moja, na tayari anajua mtoto anasoma wapi.

Kwa hiyo nunua laini nyingine. Itasajiliwa kwa kitambulisho chako kwa sababu sheria inataka hivyo, lakini usiifungulie M-Pesa. Au muongee Telegram, ambako unaweza kuficha namba na kutumia jina la utani. Kwa laini yako ya kazi usijisumbue, hiyo ilishavuja zamani; zile programu za kuonyesha jina la anayepiga huchukua majina kwenye simu za watu, na wazazi wamekusevu "Mwalimu" pamoja na jina la shule.

Picha nayo. Usimtumie ambayo tayari iko Facebook au kwenye wasifu wako wa WhatsApp, maana kuna njia ya kutafuta mtu kwa picha na inaweza kumfikisha kwako. Piga mpya, mbele ya ukuta mtupu, bila geti, bila beji ya kazi. Mtoto asionekane kabisa, hata mgongo. Na picha za faragha usitume, hata akikuapia kwa jina la mamake.

Siku ya kukutana iwe mchana, mahali penye watu. Pale Mega City, kwenye maduka, panafaa. Dunga, kule ufukweni, ni pazuri lakini giza likiingia kurudi ni shida, hiyo iache hadi umzoee. Asikuchukue nyumbani wala asikurudishe. Na ukirudi na boda, shukia stage, utembee. Boda wa mtaa wenu anajua geti lako na hana sababu ya kumnyima jibu mtu anayemuuliza vizuri. Kabla ya yote hayo muongee kwa video, uhakikishe uso ni ule wa kwenye picha. Anayekataa video kila mara kwa sababu kamera imeharibika, mwache na kamera yake. Halafu washa location ya WhatsApp kwa dadako, ile inayodumu kwa muda wa saa nane. Hahitaji kujua jina la mtu, ajue tu uko wapi.

Akigeuka akaanza kukutishia kwamba atakuanika au atasambaza picha, usimlipe hata shilingi, kwa sababu atarudi tena. Usifute ujumbe, piga screenshot zote, uende polisi. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inasema anayesambaza picha za utupu za mtu anaweza kutozwa faini hadi shilingi 200,000, au kufungwa hadi miaka miwili, au vyote viwili. Ukiona aibu kuanzia polisi, piga 1195, namba ya msaada kwa waliodhulumiwa kijinsia, ni bure. Na aibu hiyo isikuzuie kuniambia mimi. Hakuna jambo utakalonieleza likanifanya nikutupe.

Jambo la mwisho. Ukiwa naye na roho ikakataa, niandikie tu, "Mama, viazi Nakuru ni pesa ngapi?" Nitakupigia papo hapo na kupaza sauti kwamba mtoto ana homa, rudi nyumbani. Usimweleze kitu, inuka uondoke. Hata ikiwa ulihofia bure, nitapiga.

Mamako,
Nakuru