Kanisa kuu la Bamberg halikukosewa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu makanisa ya kale ya Ulaya nimeisoma mara mbili. Mwandishi anasema kanisa lisilo na mlango mkuu upande wa magharibi ni kosa la mafundi. Naomba nafasi nimpinge, maana kanisa la namna hiyo, kanisa kuu la mji wa Bamberg, nimesali ndani yake miaka mitatu, nilipokuwa muuguzi kule Bavaria, Ujerumani.

Mara ya kwanza tulifika Bamberg asubuhi ya baridi kali, mimi na dada mwenzangu wa Songea. Kwetu umezoea kusimama uwanjani, mlango huu hapa, altare kule mwisho. Pale tulianzia magharibi tukakuta ukuta umechomoza nje, una madirisha, hauna mlango. Tukazunguka hadi mashariki, tukakuta vilevile. Minara minne, miwili kila upande, na katikati yake hakuna pa kupita. Dada akasema, "Labda limefungwa." Bibi mmoja mpita njia ndiye aliyetuonyesha mlango wa pembeni, chini ya mnara.

Ndani ndipo tulipoelewa. Kanisa lina altare pande zote mbili: mashariki ya Mtakatifu Joji, magharibi ya Mtakatifu Petro. Mfalme Heinrich II wa Ujerumani ndiye aliyejenga la kwanza, likatabarukiwa mwaka 1012, na altare ya magharibi inafuata Basilika la kale la Mtakatifu Petro, Roma, ambalo altare yake ilikuwa upande huohuo. Kanisa hilo la kwanza la Bamberg liliungua mwaka 1081, likajengwa upya, likaungua tena 1185. Waliojenga hili la sasa, lililotabarukiwa 1237, wangeweza kuibadili ramani kama ilikuwa kosa. Hawakuibadili. Upande huo wa Petro amelala Papa Klementi II, aliyekuwa askofu wa Bamberg, akafariki 1047.

Kwa kuwa miisho yote imeshikwa na altare, mafundi walipeleka uzuri wao ubavuni. Upande wa kaskazini upo mlango wanaouita wa Wakuu. Mitume wamechongwa wakiwa wamesimama juu ya mabega ya manabii, Agano Jipya limebebwa na la Kale, na juu yao ni Hukumu ya Mwisho. Nyuso za waliookoka zina kicheko cha wazi kabisa. Sijaona jiwe lenye furaha kama lile. Mlango huo hufunguliwa siku maalumu tu, lakini nilikuwa nikipita pale kila nikitoka zamu ya usiku, nikisimama kidogo.

Hata minara haifanani. Ya magharibi ina vibanda vya nguzo vilivyo wazi kwenye pembe, kwa mfano wa kanisa la Laon, Ufaransa. Ya mashariki haina. Kila upande una sura yake.

Picha mliyochapa ilipigwa kutoka mashariki. Mkirudia habari hii, tafadhali wekeni ya kaskazini, yenye mlango ule.

Muuguzi mstaafu,
Songea