Barua kwa mwanangu: bahasha kumi na mbili

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za baba yako na wadogo zako. Huku Marangu hatujambo, tunangoja masika.

Jumapili iliyopita shangazi yako wa Mwika alikuja kusali kwetu. Watu walipokuwa kwenye mnada wa mavuno nje ya kanisa, alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile doti ya khanga ilikufikia. Miezi mitatu imepita tangu kipaimara chako, na mtu ambaye miguu ilimzuia kuja akamtuma mjukuu wake na mzigo bado anauliza kama mzigo ulifika! Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya wifi yangu.

Najua utasema mshereheshaji aliwashukuru wageni wote kwa kipaza sauti. Shukrani ile ilikuwa yetu wazazi, na shangazi hakuwepo kuisikia. Yako haijatoka. Wewe ndiye uliyesimama mbele ya usharika ukajibu maswali ya Katekisimu Ndogo ya Martin Luther bila kukwama, hata mzee wa kanisa akageuka kunitazama, nami nikajivuna kuliko inavyofaa ibadani. Basi rudia moyoni maelezo ya Luther juu ya fungu la kwanza la Imani, uone yanavyoishia kwenye wajibu wa kumshukuru Mungu na kumsifu. Ulijibu vizuri sana, mwanangu, lakini barua za shukrani hujaandika.

Simu shuleni hamruhusiwi, na hata mngeruhusiwa nisingekubali utume ujumbe mmoja kwa watu wote. Shangazi haoni vizuri. Barua atasomewa na mjukuu wake, kisha ataikunja na kuiweka ndani ya Biblia yake, na wiki ijayo atamwomba aisome tena. Kwa hiyo anza na shikamoo, muulize habari za miguu, uitaje khanga yenyewe kwa rangi yake na umweleze unavyoitumia huko bwenini. Aliyekupa fedha usimtajie kiasi. Mwambie zilinunua nini. Usinakili barua moja mara kumi na mbili, kwa maana hawa ni ndugu na wataonyeshana. Wala usiwasahau wasioleta bahasha: mama mdogo alilala jikoni siku mbili akimenya ndizi, na jirani yetu alitoa viti vyake vyote bila kudai hata shilingi.

Juu ya zile fedha, kuna jambo ambalo hukuniuliza ingawa najua uliliona. Bahasha tatu za wajomba zako ziliishia kwenye turubai, kwa sababu mchango ulipungua na mwenye turubai alikuwa amesimama mlangoni. Nilipaswa kukuambia kabla ya kuzifungua. Kama ndiyo maana kalamu yako imekuwa nzito, wajomba hao waachie mimi, nitawaandikia mwenyewe na kuwaeleza ukweli. Lakini tranka na godoro unalolalia vilitoka kwa msimamizi wako wa ubatizo, na kwake huna sababu ya kukaa kimya. Mwandikie yeye wa pili, baada ya shangazi.

Mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja dhaifu, mdogo wako anamnyonyesha kwa chupa. Paa la jiko bado linavuja upande wa kuni, na fundi ameahidi kuja kabla ya mvua. Sweta yako niliikuta nyuma ya mlango. Umeondoka bila sweta na ulisema umepakia kila kitu, kama ulivyosema barua utaziandika kabla ya kufungua shule.

Ndani ya sweta hiyo nimeweka bahasha kumi na mbili na karatasi za mistari, na orodha nimeinakili kutoka kwenye daftari la zawadi. Stempu huhitaji. Siku ya kutembelewa nitazichukua zote na kuzifikisha kwa mkono wangu, nikianzia Mwika. Ya shangazi iandike kwa herufi kubwa, huenda akataka kujaribu kuisoma mwenyewe.

Mimi mama yako.