Slaida moja inayoshikika, tuitumie wote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hizi grafu za mtandaoni zinazogoma kuvutwa kwenye simu. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti hapa Mwanza na hili jambo nakutana nalo kila siku, linaniuma kweli.

Mwezi uliopita nilikuwa Igombe kwa mjomba wangu, mvuvi wa siku nyingi, tukafungua kwenye simu yake tovuti moja yenye grafu ya kina cha maji ya Ziwa Victoria, vipimo vinaanzia huko miaka ya 1890 mpaka leo. Sasa miaka yote hiyo ukiibana kwenye kioo cha simu huoni kitu, ndo maana chini wameweka slaida, ule mstari wenye vishikio viwili, kimoja unavuta mwaka wa kuanzia kingine mwaka wa kuishia, na grafu inakuonyesha kipande hicho tu. Mjomba alitaka kuona zile mvua alizokuwa anasimuliwa na baba yake, zilizoanza mwishoni mwa 1961, ziwa likapanda zaidi ya mita 2 mpaka kufika Mei 1964, halafu alinganishe na Mei 2020 maji yalipofikia tena kimo kile kile na watu wa ufukweni wakahama.

Kidole cha mjomba kimevuta nyavu maisha yote, kinene. Akigusa slaida, ukurasa mzima unashuka. Akagusa tena, vishikio vikakimbilia vyote kulia mwisho kabisa, vikapandana, havitoki. Akanirudishia simu: "Mjomba, hiki kitu kimekufa."

Hakijafa, na shida yenyewe sisi mafundi tunaijua. HTML, ile lugha ya kujengea kurasa, ina slaida yake ya bure ila ina kishikio kimoja tu, kwa hiyo anayetaka viwili analaza slaida mbili moja juu ya nyingine. Vishikio vikikutana mwisho kulia, kidole kinashika kile cha juu tu, ambacho mbele njia imeisha na nyuma mwenzake kamzibia. Dawa yake ni mistari michache ya kodi, yaani maandishi ya programu, vikifika pale kile cha kuanzia kiletwe juu, basi.

Lakini kila ofisi inatafuta fundi wake na kila fundi anaanza sifuri na kosa lile lile. Mimi mwenyewe hii slaida nimeshaiandika mara tatu kwa wateja watatu! Kwa nini tusitengeneze moja tukagawana? Kipande kinachojitegemea, kisichojua habari za ziwa wala za dagaa, unakipa mwanzo, mwisho na hatua, iwe mwaka, mwezi au shilingi, chenyewe kinairudishia grafu namba mbili tu. Hapo hicho hicho kinavuta kina cha ziwa, kesho kinavuta bei za dagaa za soko la Mwaloni Kirumba, keshokutwa mvua.

Na kiwe cha watu wa huku. Sehemu ya kugusa iwe pana kama kidole gumba hata kama kishikio kinachoonekana ni kidogo, ukurasa utulie mtu anapovuta, data ishushwe mara moja tu maana bando ni hela, na simu ya bei rahisi isilazimishwe kuchora grafu upya kila kidole kikisogea kidogo. Asiyeona naye aweze kusogeza kwa mishale ya kibodi, simu imsomee "kuanzia mwaka 1961".

Na nyie wa magazeti mkiweka grafu mtandaoni, mwambieni fundi wenu aijaribu kwenye simu ya muuza samaki kabla hajalipwa.

Yangu nimeshaianza. Jumapili nilimpelekea mjomba, kavuta mwenyewe mpaka 1961, kaiangalia ile mistari inavyopanda, kimya muda mrefu. Ila akishika na mkono wenye maji bado inaruka miaka, hapo ndo nilipokwama, na fundi yeyote wa kanda ya ziwa mwenye ujanja wa hilo namkaribisha tumalizie pamoja.

Fundi wa tovuti,
Kirumba, Mwanza