Barua kwa mwanangu: kuhusu ubatizo wa mchumba wako

Mwanangu Tumaini,

Ujumbe wako tumeupata. Mama yako aliusoma akacheka, mimi sikucheka. Kumbe mchungaji wenu amegoma kutangaza ndoa mpaka mchumba wako aingie darasa la ubatizo na kuzamishwa, kwa kuwa kijana huyo ni Mlutheri aliyebatizwa kichanga na kupata kipaimara. Nawe unaniuliza, "Baba, si ndivyo Wabaptisti tulivyofanya tangu mwanzo?"

Sivyo. Mwanzo wetu ni Amsterdam, mwaka 1609. John Smyth alikuwa kasisi wa Kianglikana, akaacha kanisa la serikali, akakimbilia Uholanzi na kundi lake. Huko akafikia uamuzi kwamba ubatizo wa vichanga haumo katika Maandiko, kwa hiyo yeye na wenzake wote walikuwa bado hawajabatizwa. Sasa nani aanze? Alijibatiza mwenyewe, kisha akambatiza Thomas Helwys na wengine. Na hawakuzama popote: walimwagiwa maji kichwani. Wewe uliyezoea kuwatania wenzako wa "maji machache", jua kwamba babu zetu wa kwanza katika imani walikuwa wa maji machache. Baadaye Smyth alijuta kujibatiza, akaomba kupokelewa na Wamenoni, Wakristo wa huko Uholanzi waliokuwa tayari wakibatiza watu wazima. Helwys alikataa kumfuata, akarudi London, akafia gereza la Newgate kwa kuandika kwamba mfalme hana mamlaka juu ya dhamiri ya mtu.

Kuzamisha kulikuja miaka 30 na zaidi baadaye, tena kwa kundi jingine. Mnamo 1640 huko London, Richard Blunt alishawishika kwamba ubatizo lazima ufanane na kuzikwa na kufufuka, kama Paulo anavyosema katika Warumi 6. Kwa kuwa alijua Kiholanzi, wenzake walimtuma Uholanzi akaonane na watu waliokuwa wakizamisha. Aliporudi, mwanzoni mwa 1642, yeye na Samuel Blacklock waliwazamisha wenzao, na jumla yao ilifika watu 53. Miaka miwili baadaye, makanisa saba ya London yaliandika katika ukiri wao wa 1644 kwamba mwili mzima uzamishwe, na pembeni wakaongeza kwamba anayebatiza na anayebatizwa wavae nguo za heshima. Nyongeza hiyo huwa inanifurahisha. Wapinzani wao walikuwa wakieneza uvumi kwamba Wabaptisti wanabatiza watu uchi, ndipo ikabidi suala la nguo liingie kwenye ukiri wa imani! Ile kanzu nyeupe uliyovaa, ambayo mama yako aliitia vijiwe kwenye pindo isielee majini, hunikumbusha nyongeza hiyo.

Baada ya hapo ugomvi haukuwa tena wa kiasi cha maji, ulikuwa wa nani akaribishwe Meza ya Bwana. Hapa ndipo swali lako lilipo. John Bunyan, aliyekaa gerezani Bedford miaka 12 kwa sababu ya kuhubiri, aliandika mwaka 1673 kwamba tofauti juu ya maji isiwe kizuizi cha ushirika. William Kiffin, mfanyabiashara tajiri wa London na mchungaji wa Kibaptisti, alimpinga: asiyebatizwa sawasawa asile mezani. Wote wawili walikuwa watu wa Mungu, na hawakupatana. Miaka karibu 200 baadaye Charles Spurgeon, mhubiri mashuhuri wa Kibaptisti wa London, aliyebatizwa mara ya kwanza akiwa kichanga kisha akazamishwa katika mto Lark mwaka 1850 akiwa na miaka 15, alikuwa akikaribisha Wakristo wa madhehebu mengine mezani, lakini uanachama wa kanisa lake ulikuwa wa waliozamishwa tu. Mama yake alimwambia kwamba alimwombea awe Mkristo, hakumwombea awe Mbaptisti. Kijana akamjibu kwamba Bwana humpa mtu zaidi kuliko alivyoomba. (Usimjibu hivyo mama yako.)

Basi ukali wa mchungaji wenu umetoka wapi? Naona umetoka Tennessee, Marekani. Mwaka 1851 mhubiri wa Kibaptisti J. R. Graves na wenzake walianza kufundisha kwamba makanisa ya Kibaptisti pekee ndiyo makanisa ya kweli, na kwamba yapo bila kukatika tangu siku za Yordani. Hata aliyezamishwa na mchungaji wa dhehebu jingine, kwao alikuwa hajabatizwa. William Whitsitt, mkuu wa seminari ya Southern Baptist huko Louisville, alipochapisha kwamba Wabaptisti wa Uingereza walianza kuzamisha mwaka 1641 tu kwa hesabu ya kalenda ya zamani (yaani mwanzoni mwa 1642 kwa kalenda yetu), wenye mafundisho hayo walimwandama mpaka akajiuzulu. Historia alikuwa nayo, kazi hakubaki nayo. Wamisionari waliofika Tanganyika na Kenya mwaka 1956 walitoka kwenye makanisa hayohayo ya kusini mwa Marekani. Simaanishi kwamba wote walikuwa wafuasi wa Graves, ila mazoea husafiri na watu. Hata bodi yao ya misheni iliwahi kuweka sharti kali juu ya ubatizo wa wanaoomba kutumwa, mwaka 2005, halafu ikaliondoa 2015. Na Uingereza kwenyewe makanisa mengi ya Kibaptisti leo hupokea washirika waliobatizwa wakiwa watoto.

Mimi bado naamini katika maji mengi. Lakini Smyth na Helwys walianza upya kwa sababu walikataa mtu kubatizwa kwa uamuzi wa mwingine. Kijana anayezamishwa ili tarehe ya ukumbi isipite, kaamuliwa na nani? Kamati ya harusi. Hapo tutakuwa tumerudia kosa tulilolikimbia, tofauti ni kwamba huyu ana ndevu.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda na mwenzako kwa mchungaji, kwa adabu, mwombe atenganishe mambo mawili: kufungisha ndoa, na kumpokea kijana kuwa mshirika. Mwenzako naye ahudhurie darasa kama anataka kusikiliza, bila kuandikwa jina kwenye orodha ya watakaobatizwa Desemba. Mchungaji akikataa, usibishane naye mbele ya wazee, nipigie simu mimi. Na upande wa kijana waulizwe kama wangependa ndoa ifungwe kwao. Mjomba wako atanuna, niachie mimi.

Mama anasema ulete vipimo vya gauni kabla fundi hajajaza kazi.

Baba yako