Kaka, usiitoboe hiyo Winchester

Kaka Rashidi,

Habari za huko Pennsylvania, shemeji hajambo, watoto je? Sisi huku Michigan wazima, Mama Neema goti bado linamsumbua ila anatembea, Sele kahamia Ohio kwa yule jamaa yake, hayo mengine tutaongea. Nilijua kimya chako ni cha msiba wa baba mkwe ndo maana sikukusumbua, Mungu amlaze pema mzee wetu. Lakini jana usiku nimesikiliza voisi yako, unasema mzee kakuachia bunduki yake ya kuwindia, Winchester 94, na Jumamosi unaipeleka kwa fundi aitoboe juu afunge darubini. Kaka nakuomba sana, usiipeleke. Soma hii barua yote kwanza halafu ndo uamue.

Anza na namba. Igeuze, chini ya bodi ya chuma, pale katikati panapokaa leva na nyundo, upande wa mbele utaiona. Ikiwa ni chini ya 2,700,000 ujue hiyo ni ya kabla ya 1964, kabla kiwanda hakijabadilisha utengenezaji kubana gharama, na hizo watu wanazitafuta kwa tochi. Tundu moja tu ambalo kiwanda hakikuliweka linashusha bei yake vibaya, na chuma kikishatobolewa kimetobolewa, hakuna fundi wa kukirudisha. Na mi siongelei hela peke yake. Hiyo bunduki mzee kaitunza miaka yote hiyo, na siku moja mwanao ataiuliza.

Halafu hata tukiacha hayo, darubini kwenye 94 ya zamani haina mahali pa kukaa. Ukishusha leva, ule mkono wa chini wa kupakia, ganda la risasi linarukia juu moja kwa moja, ndivyo John Browning alivyoibuni na imetoka hivyo tangu 1894. Darubini ukiiweka pale juu ganda linaigonga linarudi ndani, na kulungu hakusubiri. Winchester wenyewe walikaa mpaka miaka ya 1980 ndo wakatoa toleo linalorusha ganda pembeni. Wapo wanaofunga darubini ubavuni, lakini hapo inabidi uweke shavu hewani, kitako hakikushiki, unalenga kwa kubahatisha. Unataka darubini kweli? Tafuta bunduki ya Marlin 336, ile juu imefunikwa, ganda linatokea kulia, na nyingi zina matundu ya kiwandani tayari. Ya mzee iache.

Najua shida yako ni macho, ulishaniambia ile saiti ya nyuma, kile kilengeo cha karibu na jicho, unaiona ukungu. Hilo lina dawa, na dawa yake si darubini. Angalia ubavu wa kushoto wa bodi, nyuma kabisa. Ukiona skrubu mbili ndogo hazishiki kitu chochote, kiwanda chenyewe kilishakutobolea, nyingi za miaka ya 1950 na kuendelea zinazo. Hapo ndo inapofungwa saiti ya tundu, kampuni za Lyman na Williams zimetengeneza hizo miaka mingi. Ni kiduara kinakaa karibu na jicho lako. Hukikodolei macho, unachungulia tu, unaangalia kishanga cha saiti ya mbele, kile kinundu kidogo mwisho wa mtutu, na jicho lenyewe linakileta katikati bila kulilazimisha. Kwa mtu wa umri wetu ni raha, maana badala ya kuhangaika kuona saiti ya nyuma, ya mbele na mnyama kwa pamoja, unabaki na kishanga na mnyama. Asubuhi giza giza unafungua kile kidude cha ndani chenye tundu dogo unakitoa, tundu linakuwa pana, mwanga unaingia wa kutosha.

Kuna jambo moja watu hawaliambiwi dukani. Saiti ya tundu mara nyingi inakaa juu kuliko ile ya zamani, kwa hiyo risasi zinapiga juu hata ukiishusha mpaka mwisho. Usiilaumu, badilisha saiti ya mbele uweke ndefu zaidi. Saiti ya nyuma ukiipandisha risasi inapanda, ya mbele ukiipandisha risasi inashuka, hilo liweke kichwani utaokoa risasi nyingi. Kwenye mtutu wa inchi 20 na saiti imekaa nyuma pale, badiliko la inchi 0.01 linahamisha risasi karibu inchi moja na nusu kwa yadi 100, kwa hiyo piga kundi la risasi kwanza, pima, ndo uagize urefu. Saiti ya zamani inatolewa kwa kugongwa kutoka kushoto kwenda kulia, tumia kipande cha shaba siyo chuma, halafu iweke kwenye bahasha pamoja na zile skrubu mbili. Usitupe kitu cha mzee hata kimoja. Na kama ubavuni hamna skrubu, basi hamna, baki na saiti zake, mwambie fundi akuwekee kishanga kikubwa cheupe mbele.

Mkanda sasa. Najua huyo fundi atataka kutoboa kitako aweke pete, wengi wanafanya hivyo. Hapana. Kuna mikanda ya ngozi ambayo nyuma ina kifuko kinachofungwa kwa kamba kuzunguka kitako, hata risasi za akiba unazichomeka pale, na mbele unaweka kibano cha vipande viwili kinachokamata lile bomba la risasi chini ya mtutu. Skrubu mbili, basi. Usikaze mkanda mkononi wakati wa kulenga, ukivuta sana mtutu nao unavutwa, risasi zinahama. Mkanda wa kubebea tu. Ukirudi nyumbani utoe ngozi yote, mvua ikikaa kati ya ngozi na chuma asubuhi utakuta kutu, na kutu kwenye ile rangi ya bluu ya zamani inauma roho. Pete za chuma nazo zikigongana porini zinalia, zifunge kitambaa.

Kabla hujashika bisibisi, toa risasi zote. Sukuma leva mpaka bomba liishe, kisha chungulia chumba na ingiza kidole. Hiyo ya zamani haina kitufe cha usalama, vitufe vimekuja 1992, usalama wako ni nyundo ya nyuma ikiwa imevutwa nusu tu, na akili yako. Na risasi za .30-30 nunua zenye ncha bapa, zinapangana mstari mmoja mle ndani, ncha kali inaweza kugonga fataki ya mwenzake, ile ya kuwasha baruti kwenye kitako cha risasi.

Narudia kaka, juu usitoboe. Msimu wenu wa kuwinda kulungu kwa bunduki unaanza Jumamosi baada ya Thanksgiving, muda upo, hakuna haraka yoyote.

Sasa niambie, namba yake ngapi? Skrubu za ubavuni zipo? Bibi mkwe anajua kwamba unataka kuitoboa, na kasemaje? Fundi umeshampa hela yoyote au mmeongea tu? Na ile fulana yako ya rangi ya chungwa bado unayo au nikutumie, maana kwenu wanataka inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni? Nipigie picha ya ubavu wa kushoto leo leo, na ukiweza tupigiane kabla ya Ijumaa usiku.

Ndugu yako,
Mpoki