Mwanangu, nunua ile utakayoweza kuiinua peke yako

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku Soni hatujambo. Presha ya mama yako imetulia, vuli imeanza na maharage yameota.

Habari kwamba huko Ohio, Marekani, unachagua kati ya pikipiki mbili kubwa, Honda Gold Wing na Yamaha FJR1300, nimezipata kwa dada yako, na hilo limenikera. Katika mambo yote, hili ndilo ulilopaswa kuanza kuniuliza mimi. Picha kanionyesha zote, na mjukuu wangu kanikuzia kwenye simu mpaka nikasoma maandishi ya ubavuni mwa tairi. Kukukataza siwezi. Pikipiki ulizipendea wapi, wewe unajua na mimi najua.

Neno langu ni moja: usinunue pikipiki ambayo ikilala chini huwezi kuiinua peke yako.

Hiyo Gold Wing ya 2008 ni mashine ya heshima, sibishi. Injini ya silinda sita, cc 1832, shafti badala ya cheni, hadi giya ya kurudi nyuma inayo. Kiti cha abiria mkwe wangu akishakikalia hatataka kushuka. Lakini ina zaidi ya kilo 400 kabla hamjapanda nyie na mizigo yenu. Hayo ni magunia manne ya mahindi. Muuzaji amekwambia ikishaondoka uzito wake huusikii, na ni kweli. Uzito unausikia ikisimama. Unaweka mguu kwenye kokoto, kokoto zinateleza, na hapo hakuna cha injini wala breki, ni paja lako tu. Mimi nimetumia miaka yangu ya ubwana shamba juu ya mashine ndogo ya serikali, na ikinilaza, mara nyingi ilikuwa nimesimama kwenye mteremko au naigeuza.

Na huko mnakotaka kwenda mwezi wa tano ni miteremko mitupu. Hiyo Blue Ridge Parkway nimeisoma yote: maili 469 za milimani kutoka Virginia hadi North Carolina, mwendo usiozidi maili 45 kwa saa, kona baada ya kona, na kila mahali pa kuegesha utazame mabonde. Kituo cha mafuta ndani ya barabara yenyewe hakuna, unatoka pembeni kutafuta. Simu nayo sehemu nyingine haishiki. Sasa nyote wawili mmeshuka kupiga picha, ardhi imeinama, stendi imezama. Nani atakusaidia kuinua? Mkeo? Na mgongo wako ule uliokulaza wiki mbili mwaka jana, ukatuficha hadi ulipopona?

Mtu aliyevuka majimbo yote hayo na lori la magurudumu 18 bila ajali simfundishi barabara. Hapa Soni kila mtu anajua kazi yako, nimehakikisha wanajua. Ila lori halikutegemei mguu wako lisianguke.

Ile Yamaha, FJR1300 ya 2014, ina kama kilo 290 ikiwa na mafuta. Nazo si mchezo, lakini umeshatua zaidi ya kilo 120. Tangi ni lita 25, sawa na la Gold Wing. Shafti inayo, breki za ABS inazo, kioo cha mbele kinapanda na kushuka kwa kitufe. Tangu walipoiboresha 2013 ina pia kifaa cha kuzuia tairi ya nyuma isiteleze kwenye maji. Kilo za ziada za Gold Wing zinakupa kiti kipana, sanduku la nyuma na redio. Mkwe wangu mnunulie kiti kizuri, vinauzwa.

Lakini hata hiyo Yamaha usiichukue kama ilivyo. Tairi ya nyuma imeandikwa 2316, maana yake imetengenezwa juma la 23 la mwaka 2016. Wameipaka dawa ya kung'arisha, meno bado marefu, ukiitazama kwa mbali utasema mpya. Angalia pale mpira unapokutana na rimu: nyufa nyembamba zimezunguka. Hiyo imekauka, kwenye lami yenye maji haishiki. Wakuwekee tairi mbili mpya au wapunguze bei.

Nenda asubuhi bila kupiga simu. Sogeza kiganja karibu na injini kabla hawajaiwasha. Ukisikia joto, mtu keshaiamsha ili usisikie inavyoamka ikiwa baridi. Pitisha kidole kwenye shokapu za mbele, kikitoka na oili, sili zimekwisha. Uliza oili ya difu ilibadilishwa lini, na akuonyeshe karatasi. Halafu hili la mwisho ndilo kubwa: injini imezimwa, ipandishe kwenye stendi kubwa ya katikati mwenyewe, ishushe, isukume kinyumenyume hatua chache. Muuzaji akae mbali. Fanya hivyo kwa zote mbili, mgongo wako utakujibu.

Kama bado moyo uko kwa Gold Wing, ingiza namba ya chesisi, ile ya herufi na tarakimu 17, kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya usalama barabarani ya Marekani. Honda waliziita za miaka hiyo zirudishwe karakana kurekebishwa mwishoni mwa 2011, na tena 2014, kwa sababu breki ya nyuma ilikuwa inaweza kung'ang'ania hata mguu ukiachia. Na huo mfuko wa hewa anaousifu muuzaji, za 2006 hadi 2010 ziliitwa kwa sababu ya vilipuzi vya kampuni ya Takata vinavyoufumua mfuko na vinavyoweza kurusha vipande vya chuma. Wakuonyeshe vimebadilishwa, si wakwambie tu.

Anakwambia kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi. Theluji inakaribia Ohio, nani anakimbilia pikipiki sasa? Tulia.

Helmeti: najua Ohio haimlazimishi mtu mzima mwenye uzoefu. Virginia na North Carolina zinamlazimisha kila mtu. Wewe vaa kuanzia mlangoni kwako, na yeye avae.

Fedha za mabati zimefika, ahsante. Fundi ameshapiga kenchi upande wa jikoni, ila mama yako anataka mabati ya kijani na mimi nasema ya kawaida yanatosha, tofauti ya bei tungenunulia saruji ya zizi. Tuamulie wewe, maana mimi hanisikii. Ng'ombe mweusi kazaa dume. Shamba la juu jirani kasogeza tena mipaka, mwenyekiti wa kitongoji kasema tukae Jumatano, ututumie ile nakala ya hati uliyoondoka nayo, ipige picha pande zote mbili.

Nipigie Jumapili kabla hujaacha arbuni popote. Na picha ya hati isipite Jumanne.

Baba yako